Miaka 30 ya kuisubiri Mad Max: Fury Road haikupotea bure (uzi mrefu, una spoila)

#1 — Mleta uzi

Wakuu, salaam kwenu. Uzi huu ni mrefu na spoila ziko nje nje. Ambaye hajaitazama Mad Max: Fury Road na anapenda kushtukizwa, aitafute kwanza, atatukuta hapahapa.

Kila unapoanzishwa mjadala wa miendelezo iliyosubiriwa miaka mingi, jibu huwa lilelile: waacheni wakongwe wapumzike, wanarudi kuharibu jina. Mara nyingi wanaosema hivyo wako sahihi. Kwa Mad Max nasimama upande mwingine kabisa. Kati ya filamu ya tatu, iliyotoka 1985, na ya nne, iliyotoka Mei 2015, ilipita miaka 30, na ninachosema ni kwamba miaka hiyo ndiyo iliyoitengeneza muvi. George Miller angepewa hela na ruhusa mwaka 2001 alipotaka kuanza, tungepata kitu kizuri. Hiki tulichokipata tusingekipata.

Kwa wadogo zetu ambao hawakuzikuta: Miller ni Mwaustralia, ni daktari kwa kusomea, na alifanya kazi ya kupokea wagonjwa wa dharura hospitalini Sydney kabla filamu haijamchukua moja kwa moja. Yeye na rafiki yake Byron Kennedy waliitoa Mad Max ya kwanza mwaka 1979 kwa bajeti ndogo mno, Mel Gibson akiwa steringi. Askari wa barabarani, nchi inaanza kumomonyoka, genge la pikipiki linamwangamizia familia. Ya pili, 1981, dunia imeshakwisha na watu wanauana kwa ajili ya petroli. Ya tatu ndiyo ile yenye Tina Turner. Kennedy alifariki kwenye ajali ya helikopta mwaka 1983, kabla hiyo ya tatu haijatengenezwa, na Miller akaiongoza akisaidiana na George Ogilvie.

Wengi wetu tulizikuta kwenye vibanda umiza, mkanda umechoka, picha ina mistari, mtafsiri anapaza sauti kuishinda injini. Ile ya pili na lile boza lake ilituingia kichwani ikakaa.

Baada ya 1985, kimya. Wazo la ya nne lilimjia mwishoni mwa miaka ya 1990: mbio moja kutoka mwanzo hadi mwisho, na kinachogombaniwa si petroli tena, ni binadamu. Mpango ukawa kupiga picha 2001. Likatokea la Septemba 11, dola ya Marekani ikaporomoka mbele ya dola ya Australia, hesabu zote zikavurugika. Mwaka 2003 wakajipanga kwenda Namibia. Vita vya Iraq vikaanza, kusafiri na kusafirisha mizigo kukawa mtihani. Miller akaenda zake kutengeneza Happy Feet, katuni ya pengwini, akarudi na Oscar. Mel Gibson akatoka kwenye hesabu. Heath Ledger, ambaye Miller alikuwa akimfikiria, akafariki Januari 2008. Mwishowe akapatikana Tom Hardy, ambaye filamu ya kwanza ilipotoka hakuwa ametimiza hata miaka 2.

Basi wakajiandaa kupiga Broken Hill, eneo lilelile la ukame ilikopigwa ile ya pili. Mvua zikanyesha kuliko kawaida, ardhi nyekundu ikajaa maua. Nani angeamini dunia imekufa wakati nyuma ya magari kumechanua? Magari yakapakiwa melini kwenda Namibia, na Julai 2012 kamera zikaanza kazi. Hata huko haikuwa rahisi. Gharama zilivyozidi, studio ikaamuru kazi isimame Desemba mwaka huohuo, kabla hawajapiga matukio ya ngome ya Citadel, ambako muvi inaanzia na kuishia. Maana yake muvi ilikuwa haina mwanzo wala mwisho. Ilibidi wapate ruhusa mpya ndipo wakamalizia Australia mwaka 2013.

Sasa angalieni alichokuwa akifanya muda wote huo. Alikuwa anachora. Kabla ya kuandika mazungumzo kama tunavyoyajua kwenye skripti, Miller alikaa na wachoraji, Brendan McCarthy akiwa mmojawapo, wakaichora muvi nzima tukio kwa tukio. Michoro ikafika kama 3,500, imebandikwa ukutani kuzunguka chumba. Kila kuahirishwa kulimrudisha kwenye michoro hiyo. Historia ya kila gari ikajulikana, liliokotwa wapi, nani alilichomelea, usukani wake una nini. Hakuna anayesimama kutueleza hayo kwenye muvi, lakini macho yanayasoma. Wale vijana weupe, War Boys, yaani askari wa adui mkuu, wanachukua usukani wao kwenye rundo lililopangwa kama madhabahu, na ndani ya sekunde chache umeshaelewa kwamba pale gari ni dini.

Naendelea kwenye posti inayofuata.

#2 — Mleta uzi

Tukumbuke 2015 ulikuwa mwaka gani. Jurassic World ilitoka Juni. Terminator Genisys ikafuata. Star Wars ikarudi Desemba. Zote zilitegemea kumbukumbu zetu: muziki uleule, sura zilezile zikiwa na mvi, chombo kilekile kinapaa, ukumbi unapiga makofi. Sizibezi, hata mimi nilipiga makofi. Lakini makofi yale nilikuwa nawapigia watu niliowapenda tangu utotoni.

Fury Road inafanya nini na kumbukumbu zako? Kitu pekee ambacho shabiki wa zamani alikuwa anakisubiri ni lile gari jeusi la Max, Ford Falcon, Interceptor. Unaliona muvi inapoanza. Halijatembea hata dakika chache, limeshapinduliwa, na mwenyewe kafungwa minyororo. Baadaye unaliona tena, maadui wamelikwangua rangi wakaliunda upya, na mwishowe linasagwa katikati ya magari makubwa. Hapo Miller amekwambia waziwazi usije kutafuta ujana wako humu.

La pili ni dogo lakini ndilo ninalolipenda zaidi. Adui mkuu, Immortan Joe, amechezwa na Hugh Keays-Byrne, yuleyule aliyekuwa kiongozi wa genge la pikipiki kwenye filamu ya kwanza mwaka 1979. Muvi nyingine ingemfanya huyo kuwa tangazo. Hapa kafunikwa uso na barakoa ya meno ya farasi kuanzia mwanzo mpaka inapong'olewa. Anayejua atafurahi kimoyomoyo, asiyejua hapungukiwi kitu.

Halafu namna ya kupiga picha. Sinema nyingi za mapigano za miaka hii zinakuchosha macho: picha inakatwa kabla hujajua nani kampiga nani. Fury Road ina mikato karibu 2,700 ndani ya dakika 120, yaani wastani wa chini ya sekunde 3 kwa kila picha. Ile ya pili ya 1981 ilikuwa na kama 1,200. Kwa hesabu hiyo ilitakiwa kuwa vurugu tupu. Mbona hatupotei?

Kwa sababu jambo la maana linawekwa katikati ya fremu, karibu kila mara. Miller alikuwa akimsisitizia mpigapicha wake, John Seale: weka alama ya katikati kwenye pua ya mtu. Picha inayofuata, katikati tena. Jicho lako halihami, kwa hiyo hata sekunde moja inatosha kuelewa. Jaribuni wenyewe: chukueni tukio la mbio yoyote humo, wekeni kidole katikati ya skrini, kisha hesabuni mara ngapi mnachotakiwa kukiona kipo mbali na kidole. Ni mara chache sana. Seale mwenyewe alikuwa ameshastaafu, alirudi kwa ajili ya kazi hii akiwa anagonga miaka 70, na ilikuwa mara yake ya kwanza kupiga filamu kwa kamera za kidijitali.

Mhariri ni Margaret Sixel, mke wa Miller. Hakuwahi kuhariri muvi ya mapigano. Miller alimtaka kwa sababu hiyohiyo, kwamba mtu wa mazoea angeifanya ifanane na nyingine zote. Alirundikiwa picha za saa 480, akatoa saa 2. Oscar ya uhariri aliibeba yeye.

#3

Mkuu nimekusoma, umeandika vizuri, ila mimi nabaki na swali langu la siku zote. Stori iko wapi? Wanakwenda, wanageuza, wanarudi. Ukiniuliza nikusimulie namaliza kwa sentensi mbili. Ile ya pili ilikuwa na stori, kijiji kina petroli, wahuni wako nje, Max katikati. Hii ni moshi na vumbi.

#4

Naungana na #3 kwa sehemu. Na Max mwenyewe yuko wapi? Nusu ya kwanza kafungwa mbele ya gari kama taa. Tumesubiri miaka 30 kumwona Max, tunapewa dada mwenye mkono mmoja. Steringi ni nani humu?

#5 — Mleta uzi

#3 kaka, karibu. Kwenda na kurudi ndiyo stori yenyewe, naomba unisikilize.

Furiosa, huyo dada mwenye mkono mmoja anayechezwa na Charlize Theron, anaiba boza la Immortan Joe akiwa amewaficha ndani wanawake watano ambao mzee yule amewafungia kama mali ya kumzalia. Anawapeleka alikozaliwa, Mahali pa Kijani. Wanafika kwa akina mama wazee wa kabila lake, anauliza mahali pale pako wapi, wanamwambia umepita hapo usiku: lile tope lenye kunguru na watu wanaotembea juu ya miti ya kuchongwa, ndipo palepale. Maji yaliingia sumu, hakuna kilichoota. Hapo anatoka peke yake mchangani, anavua ule mkono wa chuma, anapiga magoti na kupiga ukelele ambao huusikii vizuri kwa sababu ya upepo na muziki. Sasa wana pikipiki na petroli ya kutosha kuvuka uwanda wa chumvi kwa siku 160, bila kujua kama ng'ambo kuna kitu. Max ndiye anayesema: hapana, maji tunayajua yalipo, mimea tunaijua ilipo, na ngome haina walinzi kwa sababu wote wako nyuma yetu. Turudi.

Uamuzi huo umebeba kila kitu. Ya pili unayoipenda, na mimi naipenda, ilikuwa ni watu kukimbia ngome yao kwenda pwani. Miaka zaidi ya 30 baadaye mwongozaji yuleyule anawageuza watu warudi kuikamata ngome. Mtu wa miaka 36 alitengeneza ile, mtu wa miaka 70 ametengeneza hii. Ndiyo maana nasema muda umo ndani ya muvi.

#4, suala la steringi. Max ni mtu aliyeacha kutaka kitu chochote isipokuwa kupumua. Amekuwa hivyo tangu mwisho wa filamu ya kwanza. Mtu wa namna hiyo hawezi kuanzisha safari, anaweza kudandia ya mwenzake tu, na hata filamu ya pili na ya tatu ziko hivyo: stori ni ya watu anaowakuta, yeye anapita. Angalia ile ya pili tena, hana maneno mengi na mwisho anaachwa barabarani peke yake. Furiosa hajamnyang'anya kitu.

#6

Dada wa humu nasema jambo moja. Niliitazama na mama yangu mkubwa, ambaye muvi za magari hazimhusu kabisa. Wale bibi wa pikipiki walipotokea akakaa wima. Yule mzee mwenye mkoba wa mbegu, anamwonyesha binti mmoja mche uliomo kwenye fuvu la mnyama, anamwambia zamani hakukuwa na haja ya kumpiga mtu risasi, kila mtu alishiba. Kwenye muvi za aina hii bibi wa umri ule angekaa pembeni analia. Hawa wanapiga bunduki, wanapanda juu ya boza linalokimbia, na wengine wanafia hapo. Mama mkubwa hakuuliza steringi ni nani.

#7 — Mleta uzi

Dada #6, asante sana kwa kumtaja. Mwigizaji wake anaitwa Melissa Jaffer, alizaliwa 1936. Na tazama mbegu zinakoishia: mmoja wa wale wanawake vijana ndiye anayebaki na mkoba.

Niwaonyeshe tukio moja kwa karibu, kwa sababu ndilo lililonifanya niandike.

Karibu na mwisho Furiosa amechomwa kisu ubavuni. Ameshamwua Joe, wako kwenye gari wanarudi, anaanza kukata pumzi. Wenzake hawajui kinachomsumbua. Max anamsikiliza, anasema hewa inaingia kifuani na inayabana mapafu yake kila anapovuta pumzi. Anachukua kisu kidogo, anaomba radhi, anamchoma ubavuni. Hewa inatoka kwa mlio, kifua kinashuka, anapumua. Waliowahi kufanya kazi wodi ya majeruhi wanakijua hicho kitendo. Hewa ikinaswa kati ya pafu na ukuta wa kifua, mgonjwa anakufa kwa kukosa pumzi hata kama jeraha ni dogo, na dawa yake ni kuitobolea njia ya kutokea. Hiyo imeandikwa na daktari wa dharura aliyepokea watu wa ajali za barabarani.

Halafu inakuja damu. Mwanzoni kabisa Max anachorwa mgongoni kwa nguvu: kundi lake la damu ni O hasi, anaweza kumpa yeyote. Kwa War Boys yeye ni mfuko wa damu. Wanamfunga mbele ya gari, mpira umetoka shingoni kwake kwenda kwa kijana mgonjwa, Nux, ili apate nguvu za kupigana. Ndiyo hiyo taa uliyoisema #4. Sasa mwishoni Max anauchukua mpira uleule, anajichoma mwenyewe, anampa Furiosa damu kwa hiari. Na hapo ndipo anapomtajia mtu jina lake kwa mara ya kwanza. Nusu ya kwanza Furiosa alimwuliza anaitwa nani, akajibu kama kwamba haina maana. Hapa amemshika kichwa, anamwambia jina langu ni Max.

Sasa #3 niambie kama hakuna stori hapo. Hakuna hotuba. Mpira mmoja wa plastiki umetumika mara mbili, ya kwanza kwa lazima, ya pili kwa kupenda, na mtu amerudi kuwa mtu.

#8

Kwa #7 nimenyoosha mikono, naenda kuirudia. Ila bado ya pili ndiyo baba lao.

#9

Mimi niko Lubumbashi, ni dereva wa malori, mzigo wetu mwingine unapitia bandari ya Walvis Bay. Nimeona watu wanasema jangwa lile ni la kompyuta. Si la kompyuta. Kule kati ya Walvis Bay na Swakopmund mchanga unafika hadi baharini, asubuhi ukungu unaingia kutoka baharini mpaka huoni lori lililo mbele yako, saa sita jua kali. Siku ya upepo mchanga unatoa rangi kwenye bodi ya gari. Nilipoona yale magari yanakimbia nilijua hapo dereva anafanya kazi kweli, maana kwenye mchanga ule ukikata kona vibaya, umelala. Nauliza: ile milingoti yenye watu juu wanaoyumba, ni kweli au uongo?

#10 — Mleta uzi

Karibu sana kaka wa Lubumbashi, huu ndio mchango tunaoutaka humu.

Milingoti ni ya kweli. Mwanzoni hata Miller aliona ni hatari mno kupiga ikiwa mwendoni, akafikiri itabidi magari yasimame na mwendo utengenezwe baadaye. Guy Norris, msimamizi wa stanti (michezo ya hatari) ambaye alianza na Miller tangu filamu ya pili, akaenda jangwani na timu yake wakaijaribu. Walifunga uzito mkubwa chini ya kila mlingoti ili ujisawazishe, wakachanganya watu wa stanti na wanasarakasi, kisha wakamwonyesha picha za video: watu juu wanayumba, magari yanatembea. Basi ikawa hivyo.

Boza lenyewe lina mwili wa Tatra la Czech ukiunganishwa na Chevrolet ya zamani. Gari la Joe ni Cadillac mbili za 1959 zimepandishwa moja juu ya nyingine. Lile lori la ngoma na maspika lilijengwa kweli na linatembea, na gitaa la yule kipofu aliyening'inizwa mbele linatema moto kweli. Mwigizaji wake ni mwanamuziki wa Australia anayejulikana kwa jina la iOTA. Yaliundwa magari kama 150 hivi.

Ila tusidanganyane kwa upande mwingine pia. Kompyuta imetumika sana, kwenye picha karibu 2,000. Kimbunga cha mchanga ni cha kompyuta. Ngome na majabali yake vimekuzwa. Mkono wa Charlize Theron umefutwa picha kwa picha. Matukio ya usiku yalipigwa mchana jua kali, kamera ikiachwa ipokee mwanga kupita kiasi, halafu rangi ikageuzwa buluu. Ninachokipenda ni kwamba kompyuta imeongezea juu ya kitu kilichokuwapo. Gari linapinduka kweli, kompyuta inafuta kamba.

Na kwa haki ya Wanamibia: mwaka 2013 ililalamikiwa kwamba magari ya filamu yaliharibu sehemu za hifadhi ya Dorob, kwenye pwani ya Namib, na kamisheni ya filamu ya nchi hiyo ikakanusha. Udongo wa Namib hubaki na alama za matairi kwa miaka mingi sana, wewe dereva unazijua. Naipenda muvi hii, na bado nadhani lile lilipaswa kuulizwa kwa sauti kubwa kuliko lilivyoulizwa, hasa kwa muvi inayozungumzia ardhi iliyokufa.

#11

Mbona nasikia waigizaji walikuwa hawaelewani? Hardy na Charlize.

#12 — Mleta uzi

Ni kweli, na wote wawili wameshalizungumza hadharani. Miezi jangwani, unapigwa vipande vya sekunde chache chache, huoni muvi, unaona vumbi. Hardy alikuwa hamwelewi Miller anataka nini. Pale kwenye tamasha la filamu la Cannes, Mei 2015, baada ya kuiona imekamilika, alimwomba Miller radhi mbele ya waandishi wa habari, akasema hakukuwa na namna Miller angeweza kumweleza kile alichokuwa anakiona kichwani. Mimi hilo nalisoma pamoja na ile michoro 3,500. Mtu mmoja alikuwa ameshaitazama muvi miaka zaidi ya kumi, wengine wote walikuwa wanaifuata gizani.

#13

Mkuu kama ni nzuri hivyo mbona haikuuza? Star Wars ilivuka bilioni 2.

#14 — Mleta uzi

Iliuza, ila si kwa kiwango hicho. Ilikusanya karibu dola milioni 380 duniani, wakati Jurassic World ilipita bilioni 1.6. Kwenye Oscar za 2016 ilitajwa mara 10 ikachukua 6: uhariri, mavazi, mandhari, vipodozi na nywele, na mbili za sauti. Hakuna muvi iliyochukua nyingi zaidi yake usiku ule. Ya uongozaji hawakumpa Miller, na hilo mimi sijakubaliana nalo mpaka leo.

Swali lako lina uzito zaidi kwa Furiosa ya 2024, ile ya Anya Taylor-Joy inayoeleza maisha ya Furiosa kabla. Hiyo haikufika hata dola milioni 180. Ni muvi nzuri, ina sura, ina muda, inaeleza. Tofauti ninayoiona ni kwamba inajaza mapengo ambayo Fury Road iliyaacha wazi kwa makusudi. Nilikuwa naridhika kutojua mkono ulikatikaje.

#15

Nimeshawishika. Sijaona hata moja. Nianze na ipi, nifuate mwaka? Na kuna moja nimeona ni nyeusi na nyeupe, ni ya zamani?

#16 — Mleta uzi

Anza na ya pili, ya 1981. Inajitosheleza, mwanzoni wanakusimulia kwa ufupi yaliyopita. Halafu rukia Fury Road moja kwa moja. Ukishapenda, rudi kwenye ya kwanza ya 1979, uione kwa uvumilivu maana ina mwendo wa polepole, na ujue kwamba ilipopelekwa Marekani waliwawekea waigizaji sauti za Kimarekani juu ya zile za Kiaustralia, kwa hiyo tafuta yenye sauti zao wenyewe. Ya tatu utaiona ukiwa na nafasi. Nusu ya kwanza, pale kwenye mji wa Bartertown na Tina Turner, ni tamu. Watoto wakishaingia inalegea.

Hiyo nyeusi na nyeupe ni Fury Road yenyewe, toleo la Black & Chrome la 2016. Miller amesema kwake ndilo toleo bora. Mimi simfuati hapo. Ule wekundu wa mchanga mchana na ile buluu ya usiku vinakusaidia kujua uko saa ngapi na umbali gani kutoka nyumbani, na rangi ya kijani inapoonekana kule juu ya ngome unaijua thamani yake kwa sababu umeikosa muvi nzima. Tazama ya rangi kwanza.

Ukiweza iweke kwenye skrini kubwa na sauti nzito, wala usihangaike na maandishi ya chini, mazungumzo ni machache na yanaeleweka. Ukimaliza rudi hapa umjibu #4 kuhusu steringi, maana naona bado hajakubali.